Pilau Iliyobaki kwenye Harusi ya Hawa

Bujumbura, Ngagara
Jumapili, jua likiwa bado dogo

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi Zuhura, Ujiji

Kabla sijakuamkia nikupe habari za mji. Bujumbura nzima ingekuwa imeshafilisika kama si mimi mjukuu wako. Wenye benki wakinikuta njiani wananipisha. Anayeshika mfuko wa nchi hii hajajua tu nyumba ninayokaa. Angeijua angekuja kupiga hodi, avue viatu mlangoni, aniulize, Bwana Hamisi, wewe mwenzetu unafanyaje hata mwezi ukaisha na sukari bado ipo?

Haya, shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza ni ya bibi na hii ni ya mke. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea, unaipaka wewe au umeshamgawia yule mzee jirani anayejipitisha barazani kwako kila baada ya alasiri? Nikija nikamkuta amekalia kiti changu tutagawana mbao, mwambie. Na Mama je, kikohozi kimemwachia? Mwambie asilale dirisha wazi kwa kuwa ati anasikia joto. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini kukonda kwenyewe kumenipendeza, wasichana wa hapa ni mashahidi.

Najua utashangaa kuona barua, wakati simu zipo. Sikia. Wiki jana uliniuliza kwenye simu, mbona Mariamu hasemi siku hizi, mbona anaitika ee, ee, kama mtu anayesikiliza hotuba? Nikakwambia mtandao mbaya. Bibi, mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Ila nyumba hii kuta zake zinasikia, na wewe simu yako ukiipokea unaiweka sauti kubwa, baraza zima la Ujiji linachangia. Nimeona niandike, Bwana Masudi wa mawese akuletee mkononi. Soma mwenyewe kwa miwani yako. Usimpe Mwanaidi akusomee. Nampenda dada yangu, lakini mdomo wake hauna mlango.

Mwanao Mariamu unamjua kuliko mimi, ila hujamwona tangu mazishi ya Baba Hawa, basi nikuchoree. Nyumba ni ile ile ya Ngagara aliyoiacha marehemu, kwenye kartie, yaani mitaa, za wafanyakazi wa serikali, nyumba zimepangana kama meno, ukikaanga kitunguu jirani anapiga chafya. Shangazi bado anauza vitenge sokoni. Mguu wake wa kushoto unavimba akisimama sana. Hawa amekua mwanamke, ulimi umemkulia zaidi. Alikuwa ameposwa na Ismaili, fundi wa magari wa Buyenzi, kijana wa watu, mikono ina grisi lakini moyo safi. Na Shangazi alikuwa na ombi moja tu duniani: Hawa atoke nyumba hii kama mtoto mwenye baba. Asitoke kwa mkopo, asitoke kwa kuhurumiwa, atoke mchana, watu wakiona. Hilo ndilo lilikuwa mezani kwetu mwaka mzima.

Sasa tatizo. Nilipofika nilikuta nyumba inakula kama kuku, inadonoa. Makaa ya kopo moja asubuhi, kopo moja jioni. Mafuta ya kupikia ya kifuko, ukikibana mara moja kimeisha. Sukari ya kufungiwa kwenye karatasi. Shangazi akiamka anafungua ncha ya kitenge, anampa Hawa rasio. Ndivyo wanavyoiita hapa hela ya chakula cha siku, rasio. Mwezi ukifika katikati, ncha ya kitenge imebaki ncha tu. Kumbe vya kudonoa ndivyo ghali, Bibi! Anayenunua kidogo kidogo ananunua gunia lile lile, ila analilipia pamoja na uchovu wa kiuno cha muuzaji anayeinama kulipima.

Siku moja tulipokula lengalenga, mchicha wa hapa, mchana na jioni na kesho yake tena, nikafungua kinywa. Nikamwambia Shangazi, nipe mimi hizo hela nizipangie. Hawa alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, unapatia Hamisi feza? Huyu mwenye aliacha masomo njiani?"

Nikamwambia sikuacha masomo, walimu ndio waliishiwa na vya kunifundisha. Shangazi hakucheka. Nadhani alikuwa amechoka kuwa peke yake kwenye mahesabu. Alifungua ncha ya kitenge akanimiminia vyote mkononi, na ufunguo wa kabati juu.

Basi ukaona kazi. Nilikusanya makopo ya maziwa ya unga, nikayapanga juu ya kabati, kila kopo na wadhifa wake. La chakula, la makaa, la maji na umeme, la dawa ya mguu wa Shangazi, na moja kubwa la biskuti, hilo la harusi. Hela ya vitenge ikiingia, na ujira wangu wa kuchomelea milango ya chuma siku ambazo umeme umetukumbuka, makopo yanakula kwanza, halafu ndiyo sisi. Na sheria: kopo la chakula likikauka, hatuendi kukopa kwenye kopo la dawa. Tunakaza mshipi. Hawa alinitungia jina, Bwana Makopo, na jina likavuka ua likaenda mtaani. Sikujali. Wakubwa wote wana majina.

Makaa nikaamua ni ya gunia. Nilikwenda Gasenyi, kule pembeni mwa mji yanakoshuka makaa kutoka milimani, nikachagua gunia nono kuliko yote, nikalipia mtu wa baiskeli. Kufungua nyumbani, juu makaa, katikati makaa, chini majani na vumbi. Hawa aliita mtaa mzima waje waone gunia la Bwana Makopo. Safari ya pili nikamlazimisha muuzaji alimwage gunia lote chini mbele ya watu, nilikague.

"Weye mutu wa Tanzania," akaniambia, "unanunua makala ao unaoa?"

Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilirudi na makaa mpaka chini. Tangu siku hiyo ananiita shemeji.

Maharage tukashirikiana na Mama Espe, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa kanisani anayeshona sare za shule. Tunanunua gunia zima, nusu yake, nusu yetu. Sukari nikaitia kwenye kopo dogo, kijiko kimoja kwa kikombe. Hapo palitokea vita. Hawa alisema chai yenye haina sukari si chai, ni dawa, na kama ni dawa basi itoke kwenye kopo la dawa. Shangazi akacheka. Bibi, alicheka hasa, kile kicheko chake cha kuficha mdomo na upande wa kitenge. Hawa aliniambia jikoni kwamba hakukisikia tangu baba yake afe. Nikampa kijiko cha pili. Nani angemnyima?

Na mwezi ukaisha na sukari ipo. Ukaisha wa pili. Kopo la biskuti likaanza kuwa zito. Shangazi alikuwa akirudi sokoni anapita pale kabatini, analiinua kidogo, analirudisha, anaenda kutawadha. Mimi nilikuwa natembea hapa Ngagara mabega nimeyatanua.

Ila palikuwa na tundu moja ambalo sikuweza kuliziba. Kadi. Hapa Bujumbura, Bibi, mtu akioa au akifiwa haishii kukualika. Kadi inatangulia, na wewe unapeleka mkono wako kabla siku haijafika, bahasha ya hela, au kreti ya soda, kadiri ulivyo. Wenyewe wanaita intwererano. Leo unambeba yeye, kesho anakubeba wewe. Mwislamu anambeba Mkristo, Mkristo anambeba Mwislamu, hawaulizani. Kwetu Ujiji tunachangiana pia, lakini hapa, lo, kadi zinaingia chini ya mlango kama maji ya mvua. Mtoto wa fundi viatu anaoa. Msiba wa muuza ndagala, dagaa wa huku. Harusi ya mpwa wa jirani wa zamani aliyehamia mwisho wa mji. Na Shangazi kila kadi anaitolea bahasha.

Nilikaa naye nikamweleza kwa adabu zote. Nikamwambia makopo yako mazuri lakini yanavuja hapa. Tusimamishe kadi mpaka Hawa aolewe, halafu tutaanza upya. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Apana, Hamisi. Hiyo si matumizi. Hiyo ni watu."

Nikasema sawa, Shangazi. Na kwa kuwa mguu wake ulikuwa unamsumbua na soko halimwachi, bahasha alikuwa ananipa mimi nizipeleke.

Hapa ndipo utakaponipiga na mwiko, na nitakuletea mwiko mwenyewe. Sikuzipeleka. Nilikuwa natoka na bahasha mfukoni, nazunguka avenyu mbili tatu, nakunywa maji kwa rafiki, narudi na kusema wamekushukuru. Hela naitia kwenye makopo. Sikula hata faranga, Bibi, naapa kwa kichwa cha Mama. Zote ziliingia kwenye makaa, na mchele, na lile kopo la harusi, isipokuwa za bahasha mbili nitakazokutajia. Nilikuwa najiona mwenye akili kuliko mtaa mzima. Nilisema fundi viatu hatajua, muuza ndagala ana msiba, atahesabu bahasha saa ngapi?

Nilipeleka moja, kubwa. Kuna tajiri wa Kibenga, kule kwenye nyumba za kando ya ziwa, ndiye anayemuuzia Shangazi vitenge kwa jumla, na geti lake nililichomelea mimi kwa mikono hii. Mwanawe alikuwa anaoa. Nikasema huyu ndiye wa kupandia, mwenye nacho akirudisha anarudisha kwa kishindo. Nikachukua bahasha ya fundi viatu na bahasha ya muuza ndagala, nikaziongezea humo. Nikaenda na shati la kupiga pasi. Nilikula biriani, nikapigwa picha na watu nisiowajua, nikarudi nikimwambia Hawa kwamba harusi yake imeshahakikishwa.

Ikaja zamu yetu. Kabla ya harusi wazazi huita watu nyumbani, wanakaa, wanapanga, kila mtu anasema atasaidia nini. Shangazi alikodi viti, akavipanga uani mistari mistari, akafuta kila kimoja na kitambaa. Sambusa zimefunikwa, thermosi za chai zimepangana. Nilikuwa nimesimama mlangoni kupokea wageni. Alikuja mke wa imamu. Akaja Mama Espe. Wakaja mabinti wawili wa sokoni. Tukangoja. Shangazi alikuwa anafunua sambusa, anazigusa kama bado zina moto, anafunika. Akasema labda ni mafuta ya gari, siku hizi hayapatikani, watu wamekosa usafiri. Bibi, wageni wenyewe nyumba zao zinaonekana kutoka pale alipokaa.

Harusi yenyewe ilifanyika, na nisikudanganye, ilifanyika vizuri. Hatukukopa hata kitunguu. Kopo la biskuti lililipa kila kitu: mchele, nyama, viungo, soda, turubai, nguo ya Hawa. Hawa alitoka kama mwezi wa kumi na nne, ukikutana naye usingeamini kwamba ni yule anayeniita Bwana Makopo. Ndoa ilifungwa, upande wa Ismaili walijaa, Buyenzi ilihama yote. Upande wetu viti vilibaki vitupu. Yule tajiri wa Kibenga alimtuma dereva na bahasha nyembamba. Dereva hakuzima hata gari, na mafuta yalivyo adimu hapa.

Na pilau ikabaki. Sufuria nzima haikuguswa, Bibi. Wewe umezeeka kwenye harusi, umeshawahi kuona harusi ya Ujiji pilau ikabaki? Kwetu watu wanagombania ukoko. Mimi nilikadiria kila kitu kwa mtaa wote, nikapatia sawasawa, mchele haukuzidi wala haukupungua. Kilichopungua ni mtaa. Shangazi alisimama juu ya sufuria ile na upawa mkononi, akaanza kuipakua kwenye sahani awapelekee majirani nyumbani. Halafu akasita. Akarudisha upawa. Akaniambia nifunike.

Mama Espe ndiye aliyebaki kuosha vyombo na mimi pale bombani. Yeye alikuwa amefiwa na mama yake wakati wa mvua, na kadi yake ilikuwa miongoni mwa zile. Nilikuwa sithubutu kumtazama. Akasugua sufuria weee, halafu akasema bila hasira, kama mtu anayekuuliza saa:

"Mi siko na kasirani na Mama Hawa. Mama yangu alikufa, alikuja, akalia na mimi, alikaa na mimi kilio chote. Lakini mukono wake haukufika. Nikasema, masikini, hana, anaona haya."

Nikamuuliza, na wengine?

"Wengine wanasema alijitoa. Tangu bwana yake afe, alijitoa ku watu. Na mutu mwenye alijitoa, utamuendea namna gani? Utamuaibisha. Ataona ni lazima arudishe, na hana."

Hawakukasirika, Bibi. Ningekuta wamenuna ningejua la kufanya, mimi kwa maneno sishindwi. Kumbe walikaa majumbani mwao kwa kumhurumia. Kile kile alichokuwa anakikimbia mwaka mzima, kuhurumiwa, mimi nilikuwa nakipeleka nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, kwa kupita bila kubisha. Na hapa mtu haulizwi. Nani atakuja kumwambia mjane, mbona bahasha yako sikuiona? Kinywa gani hicho?

Mama Espe mwenyewe alileta sukari na kreti moja ya soda. Alisema kaleta kidogo makusudi, asimtwike Shangazi deni zito.

Sasa nikujibu uliloniuliza kwenye simu. Shangazi hasemi kwa sababu ameamua kwamba watu wa hapa walikuwa wa Baba Hawa, hawakuwa wake. Marehemu alikuwa hakosi mazishi, hakosi harusi, mvua inyeshe. Anasema walikuwa wanamheshimu yule, na yeye alikuwa kivuli chake tu, mti ukianguka kivuli kinakwenda wapi. Anaamka, anakwenda sokoni, anarudi, anaingia ndani. Zamani alikuwa akipita mtaani inamchukua muda mrefu kufika, kwa kusalimia. Sasa anapita upande wa pili. Mama Espe akiita juu ya ukuta anaitika, lakini haendi. Hawa akija kutoka kwa mumewe wanakaa wawili, wanatazamana, chai inapoa na sukari yake yote. Nimeondoa ile sheria ya kijiko. Hakuna aliyegundua.

Na ukamsikia juzi akikuuliza kama kile chumba cha nyuma kina mpangaji. Hakuuliza kwa ajili ya mtu mwingine. Anataka kuiuza nyumba ya Ngagara arudi Ujiji. Ameshaongea na mtu mmoja wa kutafuta wanunuzi, nimemwona huyo mtu akipima sebule, na viatu vyake miguuni. Nyumba ambayo Baba Hawa aliilipia kidogo kidogo mpaka mvi zikamtoka. Nami nasimama pale nashika ncha ya mkanda wa kupimia, kama fala.

Nakuomba kitu, mke wangu. Akikuuliza tena juu ya chumba, mwambie paa linavuja. Mwambie kuna mpangaji mkorofi hataki kutoka. Mwambie umemweka yule mzee jirani, atacheka pengine. Sisemi kwamba humtaki mwanao. Nasema usimfungulie mlango wa kuondokea kabla sijapata kinywa cha kumwambia. Nipe muda kidogo tu.

Nimeanza kurekebisha lakini naona narekebisha kinyumenyume. Hela zangu za kuchomelea, zote, nimeanza kuzitia kwenye bahasha na kuzipeleka. Nilikwenda kwa fundi viatu nikamwambia ni ya Mama Hawa, ilichelewa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama. Akasema mwanawe ameshapata na mtoto. Nikasema ndiyo hivyo, iliyochelewa imefika na pongezi za mtoto. Tulicheka wote wawili, na aliponisindikiza nje akaniuliza Mama Hawa anaendeleaje na mguu. Nusura nikae chini pale kwenye ngazi yake nilie kama mtoto. Kwa Mama Espe bado. Bahasha yake ninayo, lakini yeye siwezi kumdanganya, ananijua, ameosha vyombo na mimi.

Msalimie Mama, mwambie vile viatu nitavituma, asivae vya Mwanaidi. Msalimie Mwanaidi huyo huyo, na kama yeye ndiye anayesoma hapa, nimekukamata. Msalimie Baba mdogo Idi kinyozi, nywele zangu hakuna anayezijua kama yeye, hapa wananipara kama viazi. Mwalimu wangu wa chuoni pia, mwambie yale aliyonichapia nimeanza kuyaelewa moja moja. Na yule mzee jirani, haya, nampa salamu, lakini ya mbali.

Nilidhani nitaishia hapo kwenye salamu, nifunge, nimpe Bwana Masudi. Lakini kuna kitu sijakuambia, nacho ndicho kilichoniweka hapa na kalamu tangu alfajiri. Makaa yenye majani ni hasara ya siku moja. Bahasha zinaweza kuchelewa na kufika, nimeona kwa macho yangu. Hata pilau tuliigawa kesho yake msikitini, ikaliwa. Hivyo vyote ni vya kurekebishika.

Siku ya tatu baada ya harusi, Shangazi aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani na mguu juu ya mto, viti vya kukodi bado havijachukuliwa, vimerundikwa uani. Hakunituhumu, Bibi. Alikuwa anatafuta tu mahali pa kushika. Akaniuliza mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kuuliza:

"Hamisi, mutoto wa kaka yangu, zile bahasha zote zilifika?"

Ulikuwa mlango, aliufungua yeye mwenyewe, nami nilikuwa nimesimama mbele yake. Neno moja lingetosha, angenipiga, angelia, halafu angetoka nje akawasalimie watu wake.

Nikamwambia, zilifika zote, Shangazi.

Mumeo mdogo,
Hamisi